Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kwa Nini Niliiondoa Ile Barua

Ndugu wanachama,

Mikutano minne na semina mbili zimefanyika, na orodha ya vikwazo vya kiuchumi ambavyo nchi huwekeana imehuishwa kila mwezi. Hayo mnayajua.

Niende kwenye lililozua maneno: mimi kuiondoa barua ya mfano ya kuvunja mkataba. Ilikuwa ya mstari mmoja, "Tunasitisha mkataba huu kuanzia leo," bila sababu. Nimelaumiwa kwamba nimewaacha wanasheria wenzangu mikono mitupu. Si kweli; barua ile ingewaponza. Tangu 1996 Umoja wa Ulaya unazikataza kampuni zake kutii sheria fulani za Marekani za vikwazo dhidi ya Kuba na Iran, na mwaka 2018, Marekani ilipojitoa kwenye makubaliano ya nyuklia na Iran, orodha ya sheria hizo ikapanuliwa. Telekom Deutschland, kampuni ya simu ya Ujerumani, ilipoivunjia Bank Melli Iran, benki ya Iran iliyo chini ya vikwazo vya Marekani, mikataba ya simu na intaneti bila kueleza kwa nini, shauri lilifika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya. Hukumu ya 21 Desemba 2021 inasema huwajibiki kutoa sababu. Ila dalili zikionyesha umefuata vikwazo vya Marekani, ni juu yako kuthibitisha vinginevyo. Mstari ule mmoja ungethibitisha nini mbele ya jaji?

Najua kutotii vikwazo vya Marekani nako kunauma. BNP Paribas, benki ya Ufaransa, ilikubali mwaka 2014 kuilipa Marekani karibu dola bilioni 9 kwa kuvikiuka. Na China, kwa sheria ya Juni 2021, anayeumizwa na utekelezaji wa vikwazo vya kigeni anaweza kukushtaki. Ndiyo maana niliandika mwenyewe, kwa wikendi mbili, mwongozo wa kurasa sita: weka kumbukumbu za sababu za kibiashara kabla ya kuvunja mkataba, na penye hasara kubwa omba kibali Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya, cha kufuata vikwazo hivyo. Nilifanya hivyo kuwalinda, na leo ningefanya vilevile.

Inasikitisha kwamba semina ya kueleza mwongozo huo ilihudhuriwa na watu 11. Tuko 58, waliolipa ada ni 19, na kadhaa wa waliolalamika kwa sauti hawamo katika orodha yoyote kati ya hizo mbili.

Mwakani, Mungu akijalia, tunatarajia kupata mtaalamu wa sheria za Urusi, fedha zikipatikana. Stakabadhi za ada zipo kwa mweka hazina.