Email Inatuma Ofisini, Safarini Inagoma

Wateja hutuuliza kwa nini tunatoza kazi ya saa nzima kuandaa laptopu moja ya msafiri, wakati kijana wa ofisini anaunganisha email kwa dakika tano. Dakika tano zinatosha kuandika anwani na nywila. Hazimtoshi mtu anayepanda basi la Mwanza kesho alfajiri.

Seva za ofisi nyingi, yaani kompyuta zinazopokea na kutuma email, hupokea barua yoyote inayotoka kwenye mtandao wa ofisi bila kudai nywila. Email inatuma, kila mtu anaridhika. Msafiri akifika hotelini, seva ileile inamwona mgeni na kumrudishia kosa la 550, yaani imekataa barua yake. Au barua zinakwama tu, kwa sababu poti 25, mlango wa zamani wa kutumia barua, imefungwa na kampuni ya intaneti. Sisi tunaweka poti 587 au 465, tunawasha usimbaji ili barua isisomwe njiani, na tunahakikisha nywila inatumika hata kwenye kutuma. Kisha tunazima Wi-Fi ya ofisi, tunaunga laptopu kwenye bando la simu na kutuma barua yenye kiambatisho kwenda anwani ya nje. Isipotoka, laptopu haiondoki mezani.

Njia ya mkato inayoumiza kuliko zote ni POP, mfumo unaoshusha barua kutoka kwenye seva hadi kwenye laptopu. Programu ya email ya Outlook ikiachwa ilivyo, hufuta nakala kwenye seva baada ya siku 14. Laptopu ikiibiwa stendi, oda na mikataba ya zamani imekwenda nayo, na hapo hata fundi umlipe kiasi gani, hana pa kuzitoa. Sisi tunatumia mfumo mwingine, IMAP, poti 993, barua zinabaki kwenye seva. Diski tunaifunga kwa BitLocker, kufuli la Windows linalomzuia mwizi kusoma yaliyomo, na ufunguo wa kurejesha unabaki ofisini, si kwenye begi la laptopu. Tumeshaukuta humo.

Halafu kuna msimbo wa kuthibitisha, unaoombwa baada ya nywila mtu anapoingia kwenye email. Ukija kwa SMS na laini isishike mtandao Kigali, mtu amefungiwa nje ya email yake. Tunamwekea programu ya misimbo kwenye simu, ambayo haihitaji mtandao. Ila Kigali iko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa moja: anayerudisha saa ya simu kwa mkono bila kubadili ukanda wa saa, misimbo yake yote hukataliwa, maana hutengenezwa kwa kufuata saa hiyo, mpya kila sekunde 30. Acha simu ijipangie saa yenyewe.

Leteni laptopu siku mbili kabla ya safari, pamoja na simu ya msafiri mwenyewe. Bila simu hiyo kazi haikamiliki.