Mbio za kupokezana mlimani: tumwangalie anayesubiri kijiti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nijibu makala ya ukurasa wa michezo ya Jumamosi iliyopita, ile iliyosifu mbio ndefu za vikundi katika njia za kale za Wainka, watu wa milki ya zamani ya milima ya Andes, kule Peru, ikauliza kwa nini sisi wenye Kilimanjaro tusianzishe za kwetu. Wazo lenyewe silipingi. Mimi ni mtu wa Kibosho Umbwe, nilianza mlimani nikiwa mgumu, ndivyo tunavyowaita wapagazi, wa kubeba mitungi ya gesi na trei za mayai, nikapanda hadi leseni ya kiongozi, na wanangu bado wanapandisha wageni. Kilichonifanya nishike kalamu ni dai moja la mwandishi wenu: kwamba kwa kuwa kila mkimbiaji anapewa kipande kifupi, mbio za kupokezana zina usalama kuliko mtu mmoja kukimbia mlima mzima.

Kwa mlima wetu, ni kinyume chake.

Chukua wale waliokimbia peke yao. Simon Mtuy, Mtanzania mwenzetu, mwaka 2006 alipanda na kushuka kwa saa 9 na dakika 21, bila msaada wa mtu. Mwaka 2010 akaja Kilian Jornet wa Hispania, saa 7 na dakika 14. Mwaka 2014 Karl Egloff akapandia njia ya Umbwe, akagusa kilele cha Uhuru kwenye mita 5,895, akashukia njia ya Mweka, vyote kwa saa 6 na dakika 42. Umbwe ni njia ya kwetu. Kuna mahali unapanda umeshika mizizi kwa mikono, na jamaa alipita hapo mbio. Sisemi hawakuwa hatarini, maana kule juu msukumo wa hewa ni kama nusu ya ule wa Tanga, na ubongo ukivimba hauchagui bingwa. Lakini maumivu ya kichwa ya mwinuko kwa kawaida huanza saa sita hadi kumi na mbili baada ya mtu kufika juu. Wakati huo hawa wamekwishashuka, wanakula. Halafu si watu waliotoka bondeni jana yake. Egloff amekulia Quito, mji wa Ekuado ulio mita 2,850, kimo cha juu kuliko kambi ya Mandara.

Sasa panga kikundi cha watu wanne wa kupokezana, kama mwandishi wenu anavyopendekeza. Wa kwanza anatoka geti la Londorossi hadi kambi ya Shira. Wa pili anatoka Shira, anapita mnara wa mawe wa Lava Tower, anashuka kambi ya Barranco. Wa tatu anapanda ule ukuta wa Barranco, anakatiza Karanga hadi kambi ya Barafu. Wa nne anatoka Barafu kwenda Uhuru na kushukia Mweka. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini yule wa pili, Mhariri, amefikaje Shira? Atapelekwa na gari, maana barabara ya Shira inafika karibu mita 3,500. Asubuhi kanywa chai Moshi mjini, mita mia tisa hivi, mchana yuko Shira, usiku analala hapo kwenye hema akisubiri zamu yake. Saa nane za usiku kichwa kinagonga na chakula cha jioni hakitulii. Alfajiri anakabidhiwa kijiti akimbie hadi Lava Tower, mita 4,600. Kipande chake ni kifupi, sawa. Ila sisi mgeni wa kawaida tunamkatazia kabisa mwendo wa namna hiyo. Ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pa leo pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita mia tano, na bora iwe mia tatu.

Wa nne ndiye anayenitisha zaidi. Barafu hakuna gari. Lazima awe amepanda kwa miguu, amelala kwenye mita 4,600 na ushee, juu ya mawe na upepo, akingoja wenzake watatu ambao hajui watafika saa tatu au saa tisa. Anayekimbia peke yake hana pa kungojea. Mbio za kupokezana zinamfanya mtu angoje, na angoje juu, mwili ukiwa umepoa, hana kazi ya kufanya zaidi ya kunywa maji na kuangalia bonde. Akiumwa atanyamaza, kwa sababu akisema ameangusha wenzake watatu waliojichosha kumletea kijiti. Nimewaona wageni wa makundi ya marafiki wakifichiana hivyo hivyo, na hao hata medali hawagombei.

Kichwa wanakituliza kwa panadoli, kwa hiyo kichwa si cha kutegemea. Mimi huangalia mikono. Mtu ameshika glavu moja, ameitazama, hajui aingize kidole kipi. Kamba za viatu anazifunga mara tatu. Umemtania utani uleule aliocheka jana, leo anakuangalia tu. Hapo nachora mstari vumbini kwa fimbo, namwambia apite juu yake, kisigino kikigusa ncha ya kiatu cha mbele, hatua kumi. Akiyumba anashuka, hata kama ni saa nane za usiku na hata kama amelipa dola elfu ngapi. Kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupimia oksijeni nacho kinafaa, sikidharau, ila vidole vikiwa baridi kinatoa namba za ajabu, na vijana siku hizi wanakiamini kuliko macho yao.

Turudi kwa Wainka, maana naona makala imewafanya wale wapiga mbio wao, chaski, kama watu wa miujiza. Nilipendezwa nao siku nyingi, tangu mgeni mmoja wa Peru aliponisimulia jioni pale Karanga, nami nikatafuta kusoma. Walikuwa wakipeleka ujumbe wa milki ile milimani kwa kupokezana, kilomita zipatazo 240 kwa siku. Vibanda vyao vilikuwa kila baada ya kilomita chache. Anayekuja alipuliza baragumu la kombe ili mwenzake atoke na kuanza kukimbia kando yake, akipokea maneno ya ujumbe na zile kamba zenye mafundo za kuwekea hesabu. Padri Bernabé Cobo, Mhispania aliyeandika habari zao, anasema toka Lima hadi Cusco walichukua siku tatu, wakati posta ya farasi ya Wahispania ilichukua kumi na mbili au kumi na tatu. Mtu aliyewahi kuona picha za ngazi zile za mawe hatashangaa kwa nini farasi alishindwa.

Sasa angalia mpango wenyewe ulivyokuwa. Wapiga mbio walitolewa kwa zamu na vijiji vya jirani na njia. Aliyekimbia kwenye kipito cha mita elfu nne alikuwa mtu wa huko huko, kalala huko, babu yake kazaliwa huko. Kulikuwa na maghala ya chakula njiani. Hakuna aliyesombwa kutoka pwani mchana ili akimbie kesho asubuhi. UNESCO ilipoziandika njia zile kwenye urithi wa dunia mwaka 2014, kwa ombi la nchi sita kuanzia Kolombia hadi Chile na Ajentina, haikutazama mawe peke yake. Vijiji vilivyokaa kandokando na kuzitunza hadi leo vilihesabiwa pia. Ukichukua mbio ukaacha vijiji, umechukua nusu.

Na hapa niseme jambo ambalo vijana wa kwetu hawatalipenda. Mchaga si Mkechua, yule mwenyeji wa Andes. Wenzetu wa Andes wamekaa juu kwa maelfu ya miaka, wanalima viazi na kufuga kwenye mita elfu nne. Sisi migomba yetu inakomea kama mita 1,800, juu yake ni msitu, na hakuna aliyewahi kujenga nyumba Barafu. Tunapanda mara nyingi, basi. Wagumu nao wanaugua, na wengine wamefia juu. Kijana mmoja wa kata ya jirani yetu alikohoa usiku kucha, kifua kinakoroma kama kimejaa maji, na kampuni aliyokuwa nayo ikamwambia asubiri hadi mahema ya wageni yafike kambi ya mbele ndipo ashushwe. Alipona kwa sababu wenzake walikataa amri wakamshusha wenyewe. Kwa hiyo asije mtu akasema tuwaweke wagumu kwenye vipande vya juu, wao wamezoea.

Mwandishi ameandika pia kwamba mlima wetu hauna jadi ya kupokezana. Ningemkaribisha aone machela inavyoshuka. Tuna machela ya chuma yenye tairi moja katikati. Mgonjwa anafungwa mikanda, wawili mbele, wawili nyuma, na pembeni watu wengine wa kuizuia isipinduke. Kutoka Barafu njia ni changarawe na mabamba ya mawe, tairi inaruka, kila anayeshika anasikia mishtuko ile hadi mabegani. Hawawezi kukimbia hivyo muda mrefu. Baada ya dakika chache mmoja anaita "badili!" na mwingine anaingia mkono palepale bila machela kusimama. Kambi inayofuata, wagumu wa kampuni yoyote waliopo hapo, hata wasiojua mgonjwa ni nani, wanaacha sufuria wanapokea. Nimeona mtu ametolewa Barafu usiku akafika geti la Mweka asubuhi, na walioianza safari ile hawakuwa walioimaliza. Hakuna aliyepiga saa.

Na zamani kabla ya simu, njia ya Marangu, kiongozi akitaka kitu kambi ya Kibo alikuwa anaandika kikaratasi. Kijana anakishusha Horombo, wa Horombo anakipeleka Mandara, wa Mandara hadi getini. Majibu yanapanda vilevile. Kikaratasi kilikuwa kinafika kimenuka mafuta ya taa na vitunguu, lakini kinafika.

Basi kama kuna watu wanaojipanga kuleta mbio hizi, na nasikia wapo, wajibu maswali ya watu wa mlimani kabla ya kutafuta wadhamini. Kila mkimbiaji apande kwa miguu hadi kituo chake, alale njiani kwa siku zinazostahili, na jina la kambi aliyolala liandikwe kama wanavyoandika namba ya kifuani. Gari la Shira liwe la kushusha wagonjwa tu. Kila kituo kiwe na wawili wa kikundi, ili mmoja akianguka mstari wangu wa vumbini, mwingine achukue kijiti na kikundi kisitolewe. Hiyo ndiyo dawa ya ule unyamavu niliosema. Kwenye vibanda vya chaski pia hakukuwa na mtu mmoja peke yake. Na anayepima watu pale asiwe mwajiriwa wa waandaaji.

Halafu kuna mzigo. Kikundi cha wanne kikiwa na watu wawili kila kituo, wamelala siku kadhaa juu, ni mahema, ni mitungi, ni choo, ni maji ya kuteka mbali. Barafu hakuna maji. Yanabebwa kutoka bonde la Karanga. Wainka walikuwa na maghala, sisi tuna mabega. Peru walitunga sheria ya wabebaji mwaka 2001 na kuweka kikomo cha kilo 20, na kwetu kikomo ni hicho hicho, kuna mizani getini. Lakini kila mtu wa mlimani anajua mzigo unavyopungua kwenye mizani na kuongezeka tena baada ya kona ya kwanza. Mbio zenye haraka zitazidisha mchezo huo, maana kambi ya kungojea lazima isimame kabla mkimbiaji hajafika. Waseme mapema wataajiri wagumu wangapi, kwa ujira upi, na kama wagumu wenyewe wataruhusiwa kuingiza vikundi vyao bila kiingilio cha dola.

Wakitaka kukagua vituo kabla ya kuchora ramani, waje mwezi wa sita masika yakiisha. Wasije Aprili, njia ya Umbwe inakuwa tope tupu, wataturudishia taarifa ya uongo. Mtu wa kuwazungusha hawatakosa, na mimi mwenyewe hadi Barranco magoti bado yananiruhusu.

Kiongozi mstaafu wa mlima,
Kibosho Umbwe, Moshi Vijijini