Wenye saiba, msajilini mteja kwa laini yake

Mhariri,

Ninaendesha saiba, duka la huduma za intaneti, hapa Malindi, na wateja wangu wengi ni wenye tuktuk na bodaboda. Tangu huduma za magari zihamishiwe eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, mwaka 2023, leseni, ukaguzi na uhamisho wa umiliki vyote hupitia huko. Mfumo wenyewe sina ugomvi nao.

Kinachoniuma ni tabia ya baadhi yetu wenye saiba. Mzee anakuja kufunguliwa akaunti, anaambiwa "leta kitambulisho tu", kisha anaandikiwa nambari ya simu na barua pepe ya kijana wa saiba. Leseni ikiisha muda, mzee akitaka kuingia, nambari za kuthibitisha zinatumwa kwa yule kijana, ambaye keshahamia Nairobi au keshatupa laini.

Majuzi alikaa kwenye benchi langu mama aliyeuza tuktuk yake. Uhamisho huanzishwa na muuzaji kwenye akaunti yake, kisha mnunuzi akaukubali kwenye yake. Mnunuzi alikuwa tayari, simu mkononi. Mama hakuweza kuingia. Tuktuk hiyo ikigonga mtu leo, atakayetafutwa kwanza ni yeye.

Wenzangu, hata simu ya vibonye hupokea ujumbe. Msajilini mtu kwa laini yake, na nambari ya siri aichague mwenyewe, aiandike karatasini aende nayo. Nawe mwenye chombo, usilipe wala usiinuke kitini kabla hujaona ujumbe umeingia kwenye simu yako.

Mwenye saiba,
Malindi