Vitabu vya kubeba likizoni

Swahiba wangu Salma,

Salamu nyingi, na wote hapo nyumbani. Najua nimechelewa, na najua ulivyosonya. Uliniuliza usome nini likizoni, swali likakaa wiki tatu bila jibu. Si dharau. Kila nikianza kukuandikia orodha naandika jina moja, halafu naenda kukichukua kitabu chenyewe nihakikishe jambo, na jioni yangu inaishia humo.

Kitabu ni Peponi cha Abdulrazak Gurnah. Usianze kuguna! Nakumbuka ulikijaribu kwa Kiingereza ukakiacha njiani, ukasema kinajikokota. Sasa chukua hiki cha Kiswahili, alichokitafsiri Ida Hadjivayanis, kimetoka 2022. Hebu piga hesabu mwenyewe: mtu kazaliwa Unguja, riwaya yake ni ya pwani yetu na misafara ya bara, imetoka kwa Kiingereza 1994, nasi tumeipata kwa lugha yetu miaka 28 baadaye, mwenyewe keshapewa Nobel! Kinyongo hicho sijakitua bado. Lakini nilipowasikia Yusuf na Khalil, vijana wa riwaya hiyo, wakibishana dukani kwa Kiswahili, nikajua kwamba ile mara ya kwanza, kwa Kiingereza, nilikuwa nawasikiliza kupitia ukutani.

Haya, kitu chepesi cha njiani. Mzimu wa Watu wa Kale, cha Muhammed Said Abdulla, cha 1960 lakini hakijachacha. Kuna maiti isiyo na kichwa, kuna Bwana Msa na kiko chake, na maskini Najum anamfuata huku na huku bila kuambiwa kitu. Mwajuma asijue unakisoma. Kisima cha Giningi, kingine cha mwandishi huyo huyo, alinisimulia mwisho wake nikiwa bado mwanzoni, na akacheka.

Nagona cha Kezilahabi je? Utakiona chembamba, utadhani ni cha mkao mmoja. Mimi nilidhani hivyo hivyo. Kama likizo yako ina watoto na kelele, kiache kwenye kabati, kisije kikakugombanisha na... basi, tuyaache.

Turudi Peponi, maana sijakwambia kilichonikamata. Yusuf ana miaka 12. Kila Aziz, tajiri anayemwita ami, akija kuwatembelea, mtoto anafurahi kwa sababu mgeni huyo akiondoka humwachia sarafu. Siku moja anaondoka naye, akidhani anasafiri na ami yake. Kumbe kawekwa rehani kwa deni la baba yake. Sikuharibii kitu, hilo linajulikana mapema. Ila nilipofika hapo safari hii nilirudi nyuma kuzisoma tena zile kurasa za sarafu. Mara ya kwanza nilizipita mbio kama mapambo tu. Furaha ya mtoto ni ile ile, maneno ni yale yale, lakini sikuweza kuendelea usiku ule. Nilizima taa nikabaki macho wazi. Ndiyo maana orodha yako haikuisha.

Nakala yangu iko kwa Idi, kwa hiyo ihesabu kama imezama. Tafuta yako.

Sasa nijibu wewe. Likizo yenyewe ni siku ngapi, na utakuwa peke yako au na ule ukoo mzima? Bado unasoma kwenye simu mpaka macho yanakuwa mekundu? Ulikimaliza Vuta N'kuvute, au Yasmin bado umemwacha pale pale kwa yule mume mzee? Na riwaya yangu ya Siku Njema, uliyoiazima "wiki moja tu", iko wapi? Usiniambie Mwajuma anayo.

Ukifika kwenye sarafu, niandikie siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Wako,
Zuhura