Kwa Sudi, kuhusu nyaya za nyumba ya Ngamiani

Mpendwa Sudi,

Assalamu alaykum. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo; sisi huku Morogoro tu wazima, na Mama Rehema nimemfikishia salamu zako. Nilikusudia kukuandikia kwa utulivu baada ya mfungo, lakini habari yako kwamba fyuzi ya nyumba ya marehemu mzee ilikuwa ikikatika kila jioni, hadi Juma alipoitia waya mnene wa shaba na "sasa haikatiki tena", imeninyima usingizi.

Fyuzi ile haikuwa mbovu, ndugu yangu. Ilikatika kwa sababu nyaya zilikuwa zimeelemewa, na kazi yake ni kukatika kabla hazijaungua. Sasa kwa kuwa Juma amemfukuza mlinzi, kitakachoungua ni waya wenyewe, juu ya dari, penye vumbi na mbao kavu.

Nyumba ile ilijengwa wakati umeme ulikuwa wa taa chache, redio na pasi. Nyaya nyingi za enzi hizo zilivikwa mpira, ambao ukipata joto miaka nenda miaka rudi hukauka, hupasuka, na hatimaye hupukutika ukiguswa. Siku ya arobaini ya mzee niliigusa swichi ya ukumbini: kifuniko kilikuwa kimegeuka kahawia upande mmoja, nacho kilikuwa na uvuguvugu. Swichi ya taa haipaswi kuwa na joto hata kidogo.

Nawe unataka kuongeza hita ya kuogea! Hita ya wati 5,400 kwa umeme wetu wa volti 230 huvuta zaidi ya ampia 23, na mkondo ukiongezeka mara mbili, joto linalozalishwa kwenye waya huwa mara nne. Hita hiyo inahitaji waya wake peke yake na sakiti breka yake. Tena, kama nyumba haina ethi inayofanya kazi, yaani waya wa kuupeleka ardhini umeme uliovuja, umeme ukivuja unaweza kupita mwilini mwa anayeoga, na fyuzi isijue lolote. Ndiyo maana nasisitiza pia ile swichi inayokata umeme unapovuja miliampia 30 tu.

Mzee Kombo atakwambia kwamba kazi ya enzi za Mwingereza haifi. Mwingereza mwenyewe hubadilisha nyaya za nyumba yake zikichakaa.

Je, ule waya wa Juma umeshatolewa? Nani analala chumba cha nyuma, penye ekstensheni iliyopitishwa chini ya zulia? Fundi uliyempata ana leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji, au ni yule aliyetuacha gizani kwenye harusi ya Zuhura? Amekupimia ethi? Na gharama yote ni kiasi gani, ili nijue nichangie nini? Tafadhali nijibu kabla hujaifunga hiyo hita.

Wako,
Hamisi