Barua ya wazi kwa waandishi vijana mliorudishiwa miswada

Wanangu,

Salaam. Nasikia baadhi yenu mnataka kuacha kuandika kwa kuwa mchapishaji amekataa mswada, au amekaa kimya mwaka mzima. Kabla hamjaacha, someni habari za Barbara Pym, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1913.

Alipotoka tu chuoni Oxford, bado binti mbichi, aliandika riwaya akijiwazia yeye na dada yake Hilary wakiwa watu wazima, wanaishi wawili kijijini. Ikakataliwa. Ilikuja kuchapwa mwaka 1950, tena baada ya kuifumua na kuiandika upya. Zikafuata nyingine tano.

Mwaka 1963 akapeleka ya saba kwa Jonathan Cape, walewale waliochapa zote sita. Wakaikataa. Hadithi za wanawake wa makamo na makasisi zilikuwa zimepitwa na wakati, ndivyo ilivyoonekana. Alibisha hodi kwingine, hakufunguliwa. Kuanzia 1961 hadi 1977 hakutoa riwaya mpya hata moja.

Hapa ndipo nataka mtulie. Mama huyu alikuwa na ajira. Alikuwa mhariri msaidizi wa jarida la Africa, katika Taasisi ya Kimataifa ya Afrika pale London. Mchana kutwa ananyoosha makala za wanaanthropolojia kuhusu watu wa huku kwetu. (Wanaanthropolojia wenyewe aliwatia riwayani, na wanachekesha kweli.) Mshahara ule ulimpa uhuru wa kuandika bila kumpigia mtu magoti. Na vidaftari vyake vidogo hakuviacha: jambo aliloliona au kulisikia mjini, analinasa. Mwaka 1971 akafanyiwa upasuaji wa saratani ya matiti, mwaka 1974 akapata kiharusi, na bado akaandika riwaya ya wafanyakazi wanne wa ofisi wanaokaribia kustaafu, kila mmoja na upweke wake. Hakutarajia kwamba ingechapwa.

Januari 1977 gazeti moja la fasihi la London liliuliza wajuzi ni mwandishi gani amepuuzwa isivyo haki. Wawili, mshairi Philip Larkin na mhakiki Lord David Cecil, wakamtaja yeye. Mwaka huohuo Macmillan wakaitoa ile riwaya, ikaingia orodha fupi ya Tuzo ya Booker, tuzo kubwa ya riwaya kule Uingereza. Alifariki Januari 1980.

Siwaahidi Larkin, wengi hawampati. Ninachowaomba ni kwamba msiache kazi inayowalisha, na msichome mswada. Ule wa 1963 ulichapwa mwaka 1982.

Ni mimi, mzee wenu.