Malalamiko kuhusu oda ya makala 6 za cherehani: ujumbe wangu kwenye chati hauhesabiki, ila hela yangu ilihesabika

Kwa timu ya huduma kwa wateja ya mtandao wenu wa kukodi waandishi, na kama kuna bosi juu yenu naomba na yeye afikishiwe,

Habari za kazi. Hii ni barua yangu ya nne, ukiacha jumbe fupi mlizonijibu ambazo nitazitaja huko chini. Mbili za mwanzo zilijibiwa na mashine yenu ile ya "tumepokea tiketi yako", ya tatu ikajibiwa na mtu lakini mtu mwenyewe alikuwa anajibu malalamiko ya mteja mwingine nadhani, maana mi nililalamika kuhusu makala yeye akanieleza namna ya kubadilisha neno la siri. Kwa hiyo hii nimeandika ndefu makusudi, kila kitu kiwe sehemu moja, asije mtu akaniambia tena hakuelewa tatizo.

Mi ni fundi wa cherehani, wa kutengeneza sio wa kushona, watu wengi hunichanganya hapo. Biashara ni ya watu wawili tu, mimi na kijana ninayemfundisha kazi. Websaiti yangu ilikuwa ukurasa mmoja wenye namba ya simu basi. Sasa kila siku usiku wateja wananipigia maswali yaleyale, uzi unakatika kwa nini, sindano gani kwa kitambaa gani, mafuta yanawekwa wapi na yapi, nikaona bora haya majibu yaandikwe vizuri yakae mtandaoni mtu ajisomee na mimi nilale. Kuongea naweza, kuandika ikanishinda (mtasema mbona hapa unaandika, hapa ni hasira inaandika yenyewe).

Ndo nikaja kwenu. Niliwachagua nyie na sio mtu wa mtaani kwa sababu moja tu, ile alama yenu ya "mwandishi aliyehakikiwa". Nikachukua mwandishi mwenye alama hiyo, riviu zake nyota 5 tupu, na sampuli 3 kwenye profaili. Moja ilikuwa inaeleza pampu ya maji inavyofanya kazi, jamani niliisoma mara mbili, mtu ambaye hajawahi kushika spana angeelewa. Nikasema huyu huyu. Nikamtumia sauti nilizojirekodi, karibu dakika 40, naeleza kila mada, na ukurasa mzima wa maelezo ya kazi. Kwenye huo ukurasa mstari wa tatu nimeandika, mnaweza kuuona kwenye mfumo wenu: mafuta ni ya cherehani TU, yale mepesi meupe kama maji, usitaje mafuta mengine yoyote. Hela nikaiweka yote mwanzo kama masharti yenu yanavyotaka, mkasema mnaishikilia nyie mpaka niridhike na kazi. Neno ni lenu hilo, "mpaka uridhike".

Makala zikaja zote 6 siku moja, na kwa kuwa nililipia na huduma ya kupandisha, akazipandisha mwenyewe moja kwa moja kwenye websaiti.

Nikaanza kusoma ya kwanza usiku ule ule. Inaanza na "katika ulimwengu wa leo unaokwenda kasi, cherehani ni kifaa muhimu sana". Sawa, nikavumilia. Aya ya pili inasema timu yetu ya wataalamu ina uzoefu wa zaidi ya miaka 20. Timu ipi? Mimi na huyo kijana tukijumlisha miaka yetu yote ya kazi hatufiki 9. Nikashuka chini, nakuta sentensi hii nainakili kama ilivyo: "Karibu [weka jina la biashara hapa] upate huduma bora." Mabano na yote. Imepanda hivyo hivyo mtandaoni, watu wanaona. Na maneno "fundi bora wa cherehani bei nafuu" yamerudiwa mara 17 kwenye makala moja, nilihesabu na kijana wangu, mpaka akacheka akasema hii sio makala ni tangazo la gari la spika.

Ya pili ilikuwa ya sindano. Imeandikwa eti kwenye cherehani zote ule ubapa wa sindano unatazama nyuma. Kwa mashine nyingi za nyumbani ni kweli, lakini za kiwandani sindano zake nyingi shina ni la mviringo, hamna ubapa kabisa, huko unaangalia ule mfereji mrefu wa sindano. Nililisema hili kwenye sauti, kama dakika ya 12 hivi. Ina maana hakuzisikiliza.

Siku ya pili asubuhi nikamwandikia kwenye chati yenu. Nilieleza kila kosa, kwa adabu, nikamwambia arekebishe hizo mbili halafu apitie na zile nne. Akajibu "sawa boss, nalifanyia kazi". Nikaamini. Nikarudi kazini kwangu, nilikuwa na mashine za shule ya ushonaji zinanisubiri, na hapa nakubali kosa langu, zile makala nne sikuzisoma, niliona ngoja zije zikiwa zimerekebishwa nisome zote pamoja.

Kama wiki mbili baadaye akaja mama mmoja na cherehani yake imekaza, gurudumu halizunguki hata ukilisukuma kwa mikono miwili. Nikaifungua. Ndani kote pana kitu cha njano kinanata kama gundi, vumbi na nyuzi zimeshikana nacho, kwenye zile sahani mbili ndogo zinazobana uzi pia kumejaa. Nikamuuliza mama umeweka nini humu? Akanijibu mafuta ya kupikia. Nikamwambia nani kakwambia uweke mafuta ya kupikia kwenye mashine? Mama akanitazama vibaya kweli, akatoa simu, akanifungulia websaiti yangu mimi.

Ilikuwa makala ya nne. "Kama huna mafuta ya cherehani unaweza kutumia mafuta yoyote ya nyumbani, hata ya kupikia. Usisahau kupaka na kwenye kibana uzi ili uzi uteleze vizuri." Jina la biashara yangu liko juu, namba yangu ya simu iko chini. Sasa kwa asiyejua, mafuta ya kupikia yakikaa kwenye chuma yanaganda yanakuwa ulimbo, na kibana uzi hakipakwi mafuta ya aina yoyote ile, kazi yake ni kubana, ukikilainisha uzi unalegea na kitambaa kinachafuka. Mtoto wa wiki mbili kwenye ufundi anajua hili. Nilikaa siku nzima naosha ile mashine kipande kwa kipande na sikumtoza mama hata senti, ningemtoza vipi? Siku hiyo hiyo nikazishusha makala zote 6.

Usiku nikaingia kwenye akaunti yangu kwenu nisimamishe malipo. Nakuta hela imeshatoka jana yake. Kumbe mfumo wenu siku 14 zikipita baada ya kazi kukabidhiwa, kama sijabonyeza kile kitufe cha "omba marekebisho", unahesabu nimeridhika na unamlipa mwandishi wenyewe. Nikawaandikia, mimi nililalamika siku ya pili, someni chati. Mkajibu chati haihesabiki.

Hapo nataka tuelewane vizuri. Chati ni ya kwenu, iko ndani ya mfumo wenu, na mmenikataza kwenye masharti yenu kuwasiliana na mwandishi nje ya hiyo chati la sivyo akaunti inafungwa. Yaani mmeniambia ongea hapa tu, nikaongea hapo hapo, halafu mnasema hamkunisikia kwa sababu sikubonyeza kitufe ambacho kimejificha ndani ya menyu ya tatu. Kamisheni yenu kwenye hiyo hela ilihesabika lakini, hiyo haikuhitaji kitufe.

Sijamaliza. Nilipofungua faili la awali alilotuma, nikakuta pembeni kuna komenti imesahaulika. Imeandikwa: "bro hii ya cherehani tayari, ya matairi nakutumia jioni". Anaandikiwa mwandishi wangu, mwenye alama, na mtu mwingine kabisa ambaye jina lake ndo liko kwenye taarifa za faili. Kwa hiyo yule wa pampu ya maji niliyemlipia hakuandika hata mstari, alichukua oda akaipitisha kwa mtu, na huyo mtu sauti zangu wala hakupewa. Nyie mlichohakikisha ni nini sasa? Mmehakikisha mwenye akaunti, kazi inafanywa na nani hamjui, na mnaendelea kuuza ile alama.

Nilipowatumia hiyo komenti, jibu lenu ndo likanimaliza nguvu. Mkanitumia picha ya kile kipimo chenu cha kukamata maandishi ya AI, eti makala zangu ni asilimia 96 binadamu, kwa hiyo tiketi imefungwa. Kwanza sikuwahi kulalamika kwamba imeandikwa na mashine. Pili hivyo vipimo vyenyewe si vya kutegemea kihivyo, OpenAI walioitengeneza ChatGPT walikuwa na cha kwao wakakiondoa Julai 2023, wenyewe wakisema usahihi wake ni mdogo. Na tatu, hata kama ni binadamu asilimia 100, binadamu huyo kaniambia nimimine mafuta ya kupikia kwenye cherehani.

Kuna na ile "pakeji ya SEO", yaani ya kufanya ukurasa uonekane juu mtu akitafuta Google, niliyoongezea hela. Nilichopewa ni orodha ya maneno 40 ya kubandika kwenye sehemu ya siri ya ukurasa, ile wanayoiita meta keywords. Mpwa wangu anayesomea kompyuta alivyoona akaniuliza, anko hii umenunua mwaka gani? Google walishatangaza tangu 2009 kwamba hiyo sehemu hawaitumii kabisa kupanga matokeo. Na yale maneno kurudiwa mara 17, kwenye sera zao wenyewe wanayaweka fungu moja na taka za mtandao, yaani nimelipa hela ya ziada ili ukurasa wangu uonekane wa kitapeli.

La mwisho hili nawaomba mlisome na mwanasheria wenu. Masharti yenu yanasema haki ya maandishi inahamia kwa mteja pale mwandishi aliyesajiliwa anapolipwa. Sawa. Ila nchi karibu zote zimo kwenye Mkataba wa Berne wa 1886, ule wa kulinda haki za waandishi, na kwa mkataba huo kazi inalindwa pale tu inapoandikwa, bila mtu kwenda kuisajili popote, na kwa kawaida anayeanza na haki ni yule aliyeandika. Aliyeandika hizi makala hajasaini chochote na nyie wala na mimi. Kwa hiyo nimelipa, na bado kesho mtu nisiyemjua anaweza kunibishia kwamba ni zake. Hata kuzirekebisha mwenyewe nizitumie sasa naogopa.

Ninachotaka ni hiki. Hela yangu yote irudi, ya makala, ya kupandisha na ya hiyo pakeji, pamoja na kamisheni yenu, msinirudishie nusu mkaniita mteja wa thamani. Makala zangu ziondolewe kwenye profaili ya huyo mwandishi maana nimeona ameziweka kama sampuli, ikiwemo ile ya mafuta, na mtu mwingine atakuja aisome aiamini. Mnipe kwa maandishi nani aliandika na kwamba hana dai lolote kwangu. Na riviu yangu ya nyota 1 mliyoificha kwa kusema "inavunja miongozo" irudi, sikutukana mtu pale, nilinakili sentensi zake tu.

Kuhusu chati, sijui kama mtabadilisha kwa ajili yangu, lakini mteja akiandika "hii kazi ina makosa" ndani ya mfumo wenu hesabu ya zile siku 14 isimame, basi, hata kama hajabonyeza kitu. Sio jambo gumu hilo kwa watu wenye mfumo unaojua kukata kamisheni kwa sekunde.

Nawapa siku 14 na mimi, zile zile za kwenu. Mkikaa kimya nitahesabu mmekubali, na asubuhi ya siku ya 15 naenda benki kupinga muamala wa kadi, karatasi zote nimeshazipanga.

Nimeambatanisha skrinshoti za chati ya siku ya pili, makala zote 6 kama zilivyopandishwa, picha za ile mashine ya mama kabla na baada ya kuoshwa, na lile faili lenye komenti. Na huyo mwenye oda ya matairi, kama naye ni mteja wenu, mpigieni simu leo kabla hajapandisha.

Ni mimi,
fundi cherehani, mwenye tiketi mliyoifunga